Mpira wa Wavu Hauna Chandimu

Mtoto wa mtaani hahitaji mwalimu wala chama ili aujue mpira wa miguu. Soksi kuukuu, matambara na mifuko vikisokotwa kwa kamba tayari ni mpira. Mawe mawili ni goli. Na upenyo wowote kati ya nyumba na nyumba ni uwanja. Tanzania mchezo huo huitwa chandimu, na kwa miongo mingi umekuwa shule ya awali ya soka, isiyo na ada, isiyo na kengele, isiyomfukuza mtu. Mtoto huanza akiwa na miaka minne au mitano, na anapofika sekondari miguu yake imeshauzoea mpira kabla kocha yeyote hajamtia machoni. Mpira wa wavu haukupata bahati hiyo. Voliboli, kama inavyoitwa zaidi Kenya, haina chandimu yake. Vijana wetu hawajakosa kipaji wala kimo. Walichokosa ni ule utoto wa mchezo ambao soka hujipatia bure. Katika mpira wa wavu utoto huo hauoti wenyewe. Lazima uandaliwe na watu wazima wanaoishi karibu na mtoto, na usipoandaliwa, hakuna kambi ya taifa itakayoufidia baadaye.

Sababu imo ndani ya sheria za mchezo wenyewe. Katika soka unaweza kuutuliza mpira, ukaukanyaga, ukainua kichwa, ukafikiri. Katika mpira wa kikapu unaudaka. Katika mpira wa wavu, mpira haushikwi wala haupumziki: ukigusa ardhi upande wako, pointi imekwenda. Timu ina miguso mitatu ya kuurudisha ng'ambo, na kila mguso mzuri huzaliwa na mguso mzuri uliotangulia. Mpiga chenga hodari anaweza kuchipuka katikati ya wenzake wasiojua kitu; mpigaji hodari wa mpira wa wavu hawezi, maana asipopandishiwa mpira hana cha kupiga. Isitoshe, mpira wenyewe hauigiziki. Ule rasmi una uzito wa gramu 260 hadi 280 na hujazwa upepo kwa kiasi, ili uruke juu ya vigasha bila kuviumiza. Wa matambara haudundi. Ukiupokea kwa mikono unaanguka kama mzigo. Wa miguu, ambao hutumiwa pale wa wavu unapokosekana, una gramu 410 hadi 450. Mtoto wa miaka tisa akiupokea mara tano, vigasha vinawaka moto, na siku hiyo amejifunza jambo moja tu, nalo ni kuukwepa.

Hata vifaa vikipatikana, mchezo kamili wa sita kwa sita ni mwalimu mbaya kwa wanaoanza. Uwanja rasmi una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9, na wavu wa wanawake husimama mita 2.24 kutoka ardhini, wa wanaume mita 2.43. Waweke humo watoto kumi na wawili wa darasa la nne. Wa kwanza anaanzisha mpira, unanasa wavuni. Wa pili anaufikisha ng'ambo, unaanguka katikati ya wawili wanaotazamana. Nusu saa inakwisha, na mtoto aliyesimama pembeni ameugusa mpira mara mbili, zote mbili wakati wa kwenda kuuokota. Mwalimu anahitimisha kwamba watoto hawa hawana uwezo, anachagua sita walio warefu kidogo, na waliobaki wanakuwa mashabiki. Makosa hayo hutendwa kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana ni magumu kuyaondoa.

Kuna wanaoona kwamba kupunguza uwanja na kushusha wavu ni kuuchezea mchezo. Historia haiwaungi mkono. William G. Morgan alipoubuni mchezo huu mwaka 1895 katika YMCA ya Holyoke, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, akauita Mintonette, alikuwa anawatafutia wanaume wa makamo zoezi lisilo na purukushani za mpira wa kikapu. Kimo cha wavu wake hakikufika mita mbili. Idadi ya wachezaji haikuwa na kikomo, wala idadi ya miguso kila upande. Sita kwa sita na miguso mitatu ni mambo yaliyoongezwa baadaye, kwa ajili ya watu waliokwisha kuumudu mchezo. Anayewalegezea watoto kanuni hizo anafanya kile alichofanya mwasisi: kuanza na watu waliopo, kisha kuwatengenezea mchezo unaowafaa.

Na nchi zinazotushinda hufanya hivyo bila aibu. Ujerumani ya Mashariki ilishughulikia voliboli ndogo ya watoto tangu miaka ya 1960. Wajapani walitengeneza mpira laini, mkubwa na mwepesi, wa kuchezwa wanne kwa wanne, na wakauingiza hadi shule za msingi. Waholanzi huwaruhusu watoto wao wadogo kuudaka mpira na kuurusha, na humwondolea mtoto haki hiyo ya kudaka hatua kwa hatua kadiri mikono inavyokomaa. Brazil, kocha Bernardo Rezende, aliyeiongoza timu ya wanaume kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2004 na 2016, alianzisha taasisi inayofundisha watoto wa familia za kawaida kwa kuanza wawili kwa wawili, kisha watatu kwa watatu, kisha wanne kwa wanne, na ndipo sita. Njia hizi hazihitaji utajiri. Chukua uwanja uleule mmoja. Badala ya kufunga wavu kuukata upana, funga kamba ya katani kuufuata urefu wake wote, mita 18, kwa kimo ambacho mtoto akinyoosha mkono anakizidi kidogo. Kila upande una kina cha mita nne na nusu. Gawa kwa chokaa au majivu kila mita nne na nusu, umepata viwanja vinne. Watatu kwa watatu katika kila kimoja ni watoto 24 mahali walipokuwa wakisimama 12, na kila mpira sasa unagawanywa na watoto sita tu. Hakuna aliye benchi. Mipira minne, kamba moja, nguzo mbili za mkaratusi, mtu mzima mmoja anayejua anachofanya na mwingine wa kumsaidia. Hiyo ndiyo chandimu ya voliboli.

Kenya ndiyo mahali pazuri pa kuipima hoja hii, kwa sababu Kenya imefanya mengi sawasawa. Mwaka 2023, pale Yaoundé, timu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kumi. Haikujengwa kwa miujiza. Ilijengwa na shule za sekondari kama Kwanthanze ya Machakos, Malava na Mukumu za Kakamega, ambako mpira wa wavu ni fahari ya kijiji kizima, na walimu hubaki kiwanjani hadi jua linapozama. Ikajengwa pia na klabu za taasisi, Kenya Pipeline, KCB na Magereza, ambazo zilimfanya msichana anayejua kupiga mpira aweze kuishi kwa kupiga mpira, na ambazo zimeiletea Kenya mataji ya klabu bingwa Afrika. Yaani kuna katikati ya njia, na kuna mwisho wake. Lakini timu hiyo imekwenda Olimpiki mara nne, Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo mwaka 2021 na Paris 2024, na katika safari zote nne haikushinda mechi hata moja. Fedha zimo katika sababu, na uhaba wa mechi kubwa za kujipima nguvu umo pia. Shirikisho la dunia hata limewahi kugharimia makocha kutoka Brazil waje kusaidia. Ila kocha wa miezi michache, awe bingwa namna gani, hawezi kumrudishia mchezaji wa miaka 24 zile jioni alizokosa alipokuwa na miaka minane. Tazama mapokezi, yaani ule mguso wa kwanza wa mpira unaokuja kwa kasi kutoka upande wa pili: ndipo mechi hizo zilipokuwa zikivuja, na mapokezi ni ujuzi wa utotoni, kama kutamka lugha.

Michezo ya shule, kwa uzuri wake wote, haiwezi kuziba pengo hilo peke yake. Ni mashindano ya mchujo: kata, wilaya, mkoa, taifa, na hatimaye Afrika Mashariki. Shule yenye wanafunzi mia nane hupeleka timu moja. Ikifungwa katika hatua ya kwanza, msimu wa wachezaji wake wote umekwisha kwa siku moja, na wale ambao hawakuingia kikosini hata huo msimu hawakuwa nao. Tanzania UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hufanya kazi kwa mtindo huohuo, na kazi ni nzuri, ila hiyo ni kazi ya kuvuna. Mtoto aliyeacha shule, aliyebadilisha shule, au aliyeko kwenye shule ambayo mwalimu wake wa michezo amehamishwa, hana mahali pengine pa kwenda. Ndiyo maana nasema jamii, wala sisemi shule tu. Shule ni sehemu ya jamii na uwanja wake mara nyingi ndio pekee uliopo. Lakini jioni, Jumamosi na likizo ndefu, geti lake hufungwa, na huo ndio wakati ambao watoto wana nafasi.

Marekani inatuonyesha kinachotokea mchezo unapopendwa mno na kuachiwa mfuko wa mzazi. Huko wasichana wanaocheza voliboli katika shule za sekondari wamewazidi wale wanaocheza mpira wa kikapu, jambo ambalo wazazi wa miaka ya 1970 wasingeliamini. Lakini njia ya kufika juu hupitia klabu za kulipia, na familia hutoa maelfu ya dola kwa msimu mmoja kwa ada, jezi na safari. Mwaka 1996 Byron Shewman alianzisha mtandao wa klabu unaoitwa Starlings kwa ajili ya wasichana ambao nyumbani kwao fedha hizo hazipo. Kwamba nchi tajiri kiasi hicho ilihitaji mradi wa namna hiyo kunapaswa kutushtua sisi tunaoanza kuona akademia za kulipia zikichipuka mijini. Sizipingi akademia. Ila nchi ambayo mlango wake pekee ni akademia itachagua timu yake ya taifa kutoka katika mitaa michache yenye lami.

Atasema mtu: zahanati haina dawa, darasa halina madawati, nanyi mnadai nyavu. Ni hoja nzito na inastahili jibu la hesabu, si la hisia. Ukiondoa mipira, karibu kila kitu nilichokitaja hapo juu kinapatikana kijijini bila kugusa bajeti ya dawa: nguzo, kamba, chokaa, kipande cha ardhi. Pwani na kandokando ya maziwa kuna nyavu kuukuu za uvuvi, na kuna mchanga, ambao humruhusu mtoto kujirusha bila kuchubuka magoti. Kinachogharimu kweli ni mtu: mwalimu aliyefunzwa, anayekuja siku ileile, saa ileile, wiki baada ya wiki. Na hapa ndipo ninapoona desturi yetu ya kuchangiana inapokosea shabaha. Tunajua kuchangia tukio. Bonanza likitangazwa, jezi zitapatikana, kombe litapatikana, spika na mgeni rasmi watapatikana, na Jumapili hiyo uwanja utafurika. Jumanne inayofuata hakuna mtu. Fedha za bonanza moja, zikigawanywa kuwa nauli ya mwalimu, zingemleta kiwanjani kwa miezi mingi. Mchezo unaojengwa kwa marudio hauwezi kulishwa kwa sherehe.

Pingamizi la pili huja kwa wazazi, hasa wazazi wa mabinti, na wanaolidharau hukosea. Mama anayesita kumwachia binti yake wa miaka kumi na mmoja kiwanjani jioni anauliza maswali ya haki: nani yuko naye, atarudi saa ngapi, atavaa nini. Programu isiyo na majibu haifai kupewa mtoto. Majibu yapo: watu wazima wawili kila kipindi, mmoja wao mwanamke, kiwanja kilicho mahali pa wazi watu wanapopita, mazoezi yanayokwisha kabla ya magharibi, hakuna safari bila idhini ya mzazi, hakuna mwalimu anayebaki na mtoto peke yake. Kuhusu mavazi, suala limekwisha kuamuliwa mbele ya dunia nzima. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza voliboli ya ufukweni akiwa na hijabu, yeye na mwenzake Nada Meawad wakiwa wamevaa mikono mirefu na suruali ndefu. Kama mchezo huruhusu hivyo katika jukwaa lake la juu, hakuna kocha wa Mombasa au Unguja mwenye sababu ya kumwambia msichana achague kati ya kiwanja na stara yake. Kuhusu masomo, nitasema tu kwamba kipindi cha saa moja na nusu chenye saa ya kuanza na kumaliza kinamsumbua mwanafunzi kidogo kuliko uzururaji usio na saa.

Kimo nacho hutajwa sana, kwamba huu ni mchezo wa watu warefu. Kileleni, ndiyo, urefu ni mtaji. Lakini Yoshie Takeshita, aliyewapandishia Wajapani mipira walipotwaa shaba London mwaka 2012, ana sentimita 159, na tangu 1998 sheria zina nafasi ya libero, mlinzi wa nyuma ambaye haruhusiwi kushambulia juu ya wavu na ambaye kimo si kigezo chake. Zaidi ya hayo, hakuna ajuaye mtoto wa miaka tisa atakuwa na urefu gani akiwa na kumi na minane. Kumkataa leo kwa ufupi ni kuitupa mbegu kwa sababu haijawa mti.

Rwanda imekwenda mbali zaidi katika swali la nani ana haki ya kucheza. Katika voliboli ya kukaa, ile ya watu wenye ulemavu, uwanja una mita 10 kwa 6, wavu wa wanawake una kimo cha mita 1.05 na wa wanaume mita 1.15, na mchezaji anapougusa mpira hatakiwi kuinua kiwiliwili kutoka sakafuni. Nchi iliyotoka katika vita na mauaji ya kimbari ikiwa na watu wengi waliopoteza viungo iliuchukua mchezo huu na kuueneza wilayani. Miongoni mwa waliouanzisha walikuwa Dominique Bizimana na Jean Rukundo, waliokuwa wamepigana katika majeshi mawili yaliyokabiliana, kisha wakakaa upande mmoja wa wavu. Timu ya wanaume ilifika Paralimpiki ya London mwaka 2012. Ya wanawake ilifika Rio mwaka 2016, ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kusini mwa Sahara, na kwenye michezo ya Tokyo ikaifunga Japani, ikamaliza ya saba. Linganisha na Malkia Strikers na Olimpiki. Mashindano ni tofauti na idadi ya wapinzani ni tofauti, nakubali. Lakini Rwanda iliuanza mchezo kwa kuupeleka walipo watu. Kipande cha sakafu ya darasa baada ya masomo kinatosha, na mtoto asiye na ulemavu anaweza kuketi na kucheza na mwenzake mwenye ulemavu kwa kanuni zilezile, bila mmoja kumpunguzia mwingine.

Limebaki pingamizi ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote: miradi ya namna hii hufa. Mfadhili akiondoka, au kijana aliyeianzisha akipata kazi mjini, wavu unaozea stoo na nguzo zinageuka kuni. Ni kweli, na hufa kwa sababu mara nyingi ni mali ya mtu mmoja. Dawa ninayoiona ipo tayari mitaani mwetu na haijawahi kuitwa. Shule za sekondari za Kenya, na kwa kiasi fulani za Tanzania na Uganda, zimekuwa zikitoa wachezaji wa mpira wa wavu kwa zaidi ya kizazi kimoja. Wachache huchukuliwa na klabu. Wengine wote huuacha mchezo siku wanapovua sare ya shule, kisha wanakuwa wauza nguo, wauguzi, mama wa watoto wawili, wanachama wa vikundi vya akiba vya VICOBA na wa vyama vya kuweka na kukopa. Mikono yao bado inakumbuka. Japani, baada ya wanawake wake kutwaa dhahabu mwaka 1964, voliboli ya akina mama ilienea nchi nzima: wanawake walioolewa na kuzaa walirudi kiwanjani kucheza kwa ajili yao wenyewe, na watoto wakakua wakiwatazama. Hapa kwetu kikundi cha wanawake kumi na wawili kinachokutana kila wiki kwa ajili ya akiba kinaweza kukutana kiwanjani nusu saa kabla, na nusu saa hiyo ikawa ya watoto. Kina mweka hazina, kina daftari la mahudhurio, kina faini kwa anayechelewa. Mwenyekiti akihama, huchaguliwa mwingine. Chama cha mpira wa wavu cha mkoa kikiwapa wanawake hao mafunzo ya siku tatu na mipira minne, kisha kikarudi baada ya miezi sita kuona kilichofanyika, kitakuwa kimepata walimu ambao hawahami na stoo ambayo ufunguo wake una wenyewe wengi. Ratiba ibandikwe kwenye ukuta wa duka, kwa herufi kubwa: Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu, watoto wote wa darasa la kwanza hadi la saba, waje hata bila viatu.